SEHEMU YA 6: NANI ALITANGULIA BARABARANI, MTU AU GARI?

 

Leo nilipanga tuendelee na mambo ya degedege, lakini kuna mama wa hapa Mwamgongo amenibadilishia mada. Mtoto wake amepewa rufaa ya Bugando, Mwanza. Nimekaa naye nikamweleza karatasi zote, kadi ya kliniki, dawa za njiani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Nesi, ugonjwa nimeuelewa. Mimi naogopa barabara. Nitavukaje na huyu mgongoni?"

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza wa chuo, kwenye mji mkubwa, nimesimama pembeni ya barabara nasubiri magari yaishe. Yaani nasubiri yaishe, kama mvua! Mama mmoja muuza machungwa akaniambia, "Dada, ukisubiri yaishe utalala hapa." Akanishika mkono akanivusha. Nami nilikuwa mtu mzima, sina mtoto mgongoni wala dumu la mawese kichwani.

Sisi huku safari ni boti na miguu. Watoto wetu wengi magari wanakutana nayo wakishashuka Kibirizi. Kwa hiyo ukiogopa barabara usijione mshamba. Woga wako una historia, na leo nataka nikusimulie hiyo historia. Mwishoni nitakuambia la kufanya.

NJIA ILIKUWA YA MIGUU

Hapa kwetu, Ujiji, ndipo ilipoishia moja ya njia maarufu zaidi Afrika Mashariki, ile ya misafara kutoka Bagamoyo. Ni kama kilomita 1,200, na zilitembewa kwa miguu. Wapagazi walibeba mizigo kichwani na mabegani, na watu waliotekwa utumwani walipitishwa humohumo wakiwa wamefungwa. Wanawake walikuwemo, na wengine walikuwa na watoto mgongoni. Henry Stanley aliyekuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alitumia zaidi ya miezi 7 kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji.

Njia ile ilikuwa na maumivu mengi, wala siisifii. Ninachotaka ukione ni kimoja tu: mwendo wa njia ulikuwa mwendo wa mguu wa binadamu. Ukikutana na mtu mbele yako, mnapishana mnasalimiana. Hata reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, treni ilikuwa na njia yake ya chuma na inajulikana inapita wapi. Mtu wa miguu alibaki na njia yake.

Gari ndilo lililokuja kuingia kwenye njia ya mtu.

MAMA WA KWANZA

Tarehe 17 Agosti 1896, London, Uingereza, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll alikuwa amekwenda kwenye maonyesho na binti yake. Umri wake miaka 44. Magari yalikuwa machache sana nchini humo, watu wengi hawajawahi kuyaona. Akagongwa, akafa. Huyo ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la injini nchini Uingereza kwa kumbukumbu zilizopo.

Alikuwa mama aliyetoka na mtoto wake matembezini. Binti yake alishuhudia.

Baada ya hapo magari yakaongezeka, na swali likawa moja: nani ampishe mwenzake? Kule Marekani miaka ya 1920, watu wengi waliokuwa wakifa mijini ni watembea kwa miguu, watoto wakiwa wengi. Mwanzoni wananchi waliwakasirikia madereva. Lakini wenye biashara ya magari walifanya kampeni kubwa, mpaka mtu anayevuka popote akaanza kuchekwa kama mjinga asiyejua mjini. Mwaka 1925 jiji la Los Angeles likaweka sheria ya kuwabana wavukaji, na miji mingine ikaiga. Unaona? Lile neno "mshamba wewe, huoni gari?" lina miaka 100 sasa. Lilitengenezwa.

Uingereza nako wakatafuta namna. Mwaka 1951 zikaanza rasmi zile alama za mistari myeupe na myeusi, ambazo sisi tunaziita zebra. Maana yake ni rahisi: hapa mtu akikanyaga, gari lisimame. Sisi tukairithi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe mtu kwenye zebra, na mwendo kwenye makazi ya watu usizidi kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni haki yako ya kisheria, wewe na mwanao. Dereva akisimama hajakufanyia hisani.

DARAJA LA JUU NALO

Barabara zikapanuka, njia mbili zikawa nne, nne zikawa sita. Zebra ikaonekana haitoshi. Ndipo wakaanza kumpandisha mtu juu.

Dar es Salaam, pale Manzese kwenye Barabara ya Morogoro, daraja la waenda kwa miguu ni maarufu mpaka kituo kinaitwa Darajani. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kwenye barabara hiyohiyo, vituo vyake viko katikati, kwa hiyo kila abiria lazima avuke ili afike. Nairobi walimaliza barabara ya Thika mwaka 2012, ndefu na pana sana, na madaraja ya watu juu yake. Na Mwanza, huko anakokwenda mama yetu, kuna daraja la Furahisha lililozinduliwa Oktoba 2017.

Daraja linasaidia, hilo halina ubishi. Gari haliwezi kukugonga ukiwa juu yake. Lakini mbona utakuta watu wanakimbia chini yake? Wengi wanasema ni ukaidi. Mimi kama nesi naona kitu kingine. Hebu tupige hesabu.

Ili lori lipite chini, daraja lazima liinuke mita 5 na zaidi. Ngazi moja ina kama sentimita 16 au 17. Gawanya mwenyewe: ni ngazi 30 na kitu kupanda, na 30 na kitu kushuka. Kukiwa na mteremko usio na ngazi ni nafuu, ila kila mita 1 ya kwenda juu inahitaji kama mita 12 za kutembea. Basi ni zaidi ya mita 60 kupanda na zaidi ya 60 kushuka, kwa ajili ya barabara ambayo kwa chini ungeivuka kwa hatua chache.

Sasa muweke hapo mama mwenye mimba ya miezi 8 miguu imevimba. Muweke aliyejifungua kwa upasuaji wiki 2 zilizopita. Muweke bibi mwenye magoti. Muweke mtoto wa kiti cha magurudumu. Usiku nao, juu kule giza, mama yuko peke yake. Daraja linamtaka mtu dhaifu apande ili mwenye injini asikanyage breki. Kwenye barabara pana ya mwendo mkali sawa, hakuna namna, tupande. Lakini mbele ya shule au zahanati, dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo wa gari.

MWENDO NDIO UNAOUA

Hapa naomba usome taratibu. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda kama mita 14 kila sekunde. Barabara ya kawaida ya njia mbili ina kama mita 7, mtu mzima anaivuka kwa sekunde 6 hivi. Ndani ya hizo sekunde 6 gari limekula mita zaidi ya 80. Likiwa kilomita 80 kwa saa limekula mita 130. Uwanja wa mpira una kama mita 100! Yaani gari unaloliona liko goli la pili, tayari ni lako. Na wewe una mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hutavuka kwa sekunde 6.

Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka mwendo wa 50 kwenda 65, hatari ya kufa kwa aliyegongwa inapanda mara 4 na nusu. Na ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Sisi tunawapigania na malaria na kuhara mpaka wafike miaka 5, kisha barabara inawasubiri.

Lakini habari njema ipo, na imetoka nchini kwetu. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kazi ya kuzunguka shule za msingi ambako watoto wanagongwa sana. Wakaweka vitu vya kawaida tu: matuta, zebra, njia ya miguu pembeni, vibao, nguzo za kuzuia magari. Majeruhi kwenye maeneo hayo wakapungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya dunia ya taasisi ya WRI kwa miradi ya miji. Kazi ya matuta na rangi, mama zangu.

BASI UTAVUKAJE?

Haya niliyomwambia yule mama, nawaambia na ninyi.

1. Tanzania magari yanaendesha kushoto, kwa hiyo linaloanza kukufikia linatokea kulia kwako. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Wanaokwenda Bujumbura, Uvira au Kalemie, kumbukeni kule ni kinyume: anzeni kushoto! Baada ya vita vya kwanza vya dunia Waingereza walichukua Tanganyika, Wabelgiji wakabaki na Burundi na Kongo, kila mmoja na upande wake wa barabara. Hata Kigoma Wabelgiji walikaa tangu 1916 mpaka 1921. Mipaka yao ndiyo leo inaamua shingo yako ianze kugeuka wapi.

2. Mtoto mdogo mshike kifundo cha mkono, usimshike vidole. Vidole vinachomoka. Mtoto wa chini ya miaka 9 hivi bado hawezi kukadiria gari liko mbali kiasi gani na linakuja kwa kasi gani. Si mtundu, ubongo wake haujakomaa.

3. Zebra isikudanganye. Kanyaga gari likishasimama, na la njia ya pili pia limesimama.

4. Daraja likiwepo kwenye barabara pana, panda. Pumzika katikati ya ngazi, hakuna anayekufukuza. Ukishindwa kupanda, omba mtu akusaidie mzigo.

5. Omba kuvushwa. Sema tu, "Samahani kaka, naomba tuvuke wote." Hakuna aibu.

6. Mnaoishi Mwanga, Ujiji na Kigoma mjini: kama shule ya mwanao haina tuta wala zebra, lisemeni kwenye kikao cha wazazi, mpeleke kwa mtendaji kwa maandishi, mtunze nakala.

Yule mama ameondoka jana alfajiri na boti, mtoto mgongoni kwenye kitenge. Tumefanya mazoezi juzi jioni hapa uwanjani, mimi nikiwa gari. Watoto wote wakaja kucheka, wakajipanga nao kuvuka. Nikawavusha mmoja mmoja mpaka giza likaingia: kulia, kushoto, kulia.

Akifika nitawaambia. Sehemu ya 7 tunarudi kwenye degedege, nimeahidi.

Nesi wenu, Mwamgongo.