Waya Mwembamba Uingiao Nyumbani

Inapotimia miaka 60 tangu Charles Kao na mwenziwe George Hockham, katika maabara ya Harlow huko Uingereza, walipobainisha mwaka 1966 kwamba uzi wa kioo safi waweza kuchukua mazungumzo ya watu kwa nuru, sifa huwaendea wao, na kampuni ya Corning iliyoupata uzi huo mwaka 1970, na mikongo ya baharini iliyowasili Mombasa mwaka 2009. Ilhali ule waya mwembamba utokao nguzoni hadi ukutani mwa mwenye nyumba, ambao pasipo huo mikongo yote haimfai kitu, aghalabu hautajwi.

Waya huo wa faiba, kwa umbo lake mashuhuri, ni bapa na mweusi, ubavuni una chuma cha kuubebea, na ndani mna uzi wa kioo wenye unene wa mikroni 125; na katika ganda lake umechongwa mfuo huku na huku, ili fundi aupasue kwa vidole na kuutoa uzi salama.

Mfuo huo ndio ulioleta balaa magharibi mwa Japani. Wahandisi wa kampuni ya simu ya NTT West wasimulia kwamba nyenje wakubwa waitwao kumazemi, ambao majike yao hutoboa vijiti vikavu wakati wa kiangazi ili watage mayai, waliudhania waya kuwa kijiti, wakauchoma kwa ncha zao za kutagia, na ncha zikafuata mfuo hadi kwenye kioo. Nuru ikakatika, na intaneti ikazimika majumbani. Wahandisi wale hawakufanya ajizi: waliuhami uzi, wakalifanya ganda gumu zaidi, na hatimaye wakabuni waya usio na mfuo, wakatafuta namna nyingine ya kuupasua. Hiyo ndiyo insafu uliyostahili waya huu.

Wala si Japani pekee iliyoushughulikia waya huu: kanuni ya kimataifa ya mwaka 2006 kuhusu nyuzi zivumiliazo kukunjwa iliwafaa mafundi wapitishao waya kwenye pembe za vyumba.

Kwetu, Nairobi na Dar es Salaam, nguzo zimesheheni nyaya, na mteja ahamapo, waya wake huachwa ukining'inia, hata fundi ajaye asijue upi hai na upi mfu. Twaziomba kampuni na halmashauri zetu: kila waya ubandikwe jina la mwenyewe, na uliokwisha kazi uteremshwe.