Kuiga Pigo, Kumpokea Mpigaji

Mwaka 1996 yalitoka Japani matoleo ya kwanza ya Pokémon, mchezo wa video ambamo viumbe hupigana kwa zamu na kila kiumbe hubeba mapigo yasiyozidi manne. Tangu siku hizo za mwanzo wamo ambao silaha yao kubwa ni kuiga. Pigo liitwalo Mimic humpa mwigaji pigo moja la adui, ila akitoka tu uwanjani limemtoka. Kiumbe aitwaye Ditto hujigeuza akawa adui mwenyewe kwa umbo na kwa mapigo yote, lakini kiasi cha uhai wake hakibadiliki, na kila pigo la kuiga huweza kulitumia mara 5 tu. Kiumbe mwingine, Smeargle, aliyeingia mwaka 1999, hulichora pigo aliloliona likawa lake moja kwa moja, naye hulilipia kwa nafasi moja kati ya zile nne. Waliotunga kanuni hizi walitafuta uwiano wa mchezo, hawakuwa wakiandika historia. Hata hivyo waligusa jambo tunalolipita haraka mno tunaposema kwamba kabila fulani liliiga desturi ya kabila fulani: kuliona pigo ni rahisi, kubaki nalo ndiyo kazi. Ninavyoona, watu wa nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, walikuwa na njia ambayo mchezo huo hauna. Walipotaka ujuzi wa jirani hawakuridhika na kuiga pigo. Walimpokea na mpigaji.

Tlawi, kando ya ziwa dogo lenye jina hilohilo karibu na mji wa Mbulu, ni nchi ya Wairaqw, wasemaji wa lugha ya Kikushi. Wadatoga, ambao Kiswahili kimezoea kuwaita Mang'ati, ni Waniloti. Upande wa Singida wapo Waihanzu na Wanyaturu, ambao ni Wabantu. Kandokando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadza, na kusini zaidi Wasandawe. Sehemu chache sana za Afrika zina lugha za asili mbalimbali namna hii zikipakana katika eneo dogo kiasi hiki. Basi mtu akiwauliza Wairaqw asili yao, hapati jibu moja. Wapo wanaojihesabu wenyeji wa Irqwar Da'aw, yaani Kainam na viunga vyake, ile safu ya vilima juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Lakini koo nyingi husimulia bila aibu kwamba babu wa kwanza alikuwa Mdatoga, au Mwihanzu, au mtu wa kabila jingine aliyepanda mlima akakaribishwa. Katika nchi ambako makabila mengi hujivunia damu isiyochanganyika, usimulizi huu peke yake unastahili kuulizwa una maana gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni mvua. Wataalamu wa mvua na kinga ya nchi huitwa qwaslare, na walio maarufu kati yao ni wa ukoo wa Manda, hasa nyumba ya Bayo. Simulizi inasema Manda walitoka Ihanzu, na Ihanzu, kule Kirumi, ndiko nchi iliyojulikana kwa mvua mbali sana nje ya mipaka yake. Tafakari hapo Wairaqw walifanya nini. Wangeweza kutuma vijana wakajifunze dawa na maneno, wakarudi nayo. Wangeweza pia kubaki wateja, wakipeleka mbuzi Ihanzu kila kiangazi kinapokaza. Badala yake familia yenye ujuzi ilipewa makao, ikaoa na kuolewa, ikazungumza Kiiraqw, na baada ya vizazi kadhaa ikawa ukoo ambao bila baraka yake ardhi mpya haifunguliwi. Ujuzi haukuwa na tarehe ya kuisha kwa sababu mwenye nao hakuondoka, na wanawe walizaliwa nao palepale.

Kilichowezesha hayo ni namna Wairaqw walivyomhesabu mtu kuwa wao. Mwanaanthropolojia Robert Thornton, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alionyesha kuwa kwao ardhi ina uzito kuliko nasaba. Kitengo cha msingi ni aya, eneo lenye mipaka iliyotakaswa, msemaji wake akiitwa kahamusmo. Anayeishi ndani ya aya, akashiriki kazi zake na matambiko yake, ni mtu wa aya hiyo. Kwa utaratibu kama huo mgeni hahitaji kughushi ukoo ili akubalike, na wala halazimiki kusahau alikotoka. Hata kusahau kungekuwa hasara kwa waliompokea, maana thamani yake ilikuwa katika kule alikotoka. Mtafiti mwingine, Ole Bjørn Rekdal wa Norway, aliandika mwaka 1999 kuhusu Wairaqw wanaovuka mipaka ya kabila kwenda kutafuta tiba kwa waganga wa kigeni, na akaona kwamba ugeni wa mganga ni sehemu ya nguvu anayohesabiwa. Kwa maelezo yake, hata hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, iliingia katika mazoea yaliyokuwapo tayari. Wengi wetu tumefundishwa kwamba tiba ya hospitali ilikuja kuyapinga mazoea ya wenyeji. Huko Mbulu ilikuta mlango umeshafunguliwa na watu wa Ihanzu.

Ili kupima dai hili, kwamba ujuzi hudumu pale mwenye nao anapokaa, ni vizuri kutazama mahali ambapo pigo lilichukuliwa bila mpigaji, na Uhehe, huko Iringa, unafaa kuliko pengine popote. Mbinu za vita za Wangoni, pamoja na mkuki mfupi wa kuchomea na vikosi vya vijana, zilipitia kwa Wasangu zikawafikia Wahehe, nao wakawa dola yenye nguvu chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa. Mkuki ulidumu kwa sababu mhunzi wa Uhehe aliweza kuufua mwenyewe. Kisha likaja pambano la Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, ambapo kikosi cha Wajerumani kiliangamizwa, kamanda wake Emil von Zelewski akauawa, na mamia ya bunduki yakaangukia mikononi mwa Mkwawa. Pigo la adui lilikuwa limetekwa zima, na ukuta wa ngome yake ya Kalenga ukawa tayari. Lakini nani pale Kalenga angetengeneza risasi za bunduki hizo, au kamani ya kufyatulia inapokatika? Ngome ilianguka Oktoba 1894. Sisemi kuwa bunduki peke yake ndizo zilizoamua. Mizinga ya Wajerumani na mengine mengi yalichangia. Nasema tu kwamba silaha iliyotekwa bila fundi wake ilikuwa na hesabu yake ya mwisho, kama yale mapigo ya Ditto.

Mpinzani wa hoja hii atasema Wairaqw hawakuchagua kitu. Kwa muda mrefu iliaminiwa kuwa walikuwa wamezingirwa na Wamaasai na Wadatoga, wakabanwa juu ya vilima hata wakalazimika kulima kwa bidii isiyo ya kawaida, kwa samadi, kwa matuta na kwa mabonde yenye unyevu. Kwa mtazamo huo, kupokea wageni nako kulikuwa kutafuta mikono ya kulima na kupigana. Lowe Börjeson, katika utafiti wake wa mwaka 2004, aliitilia shaka hadithi hiyo ya kuzingirwa. Alionyesha kwamba kilimo hicho kilikua hatua kwa hatua kutokana na kazi ya kila siku ya wakulima wenyewe, wala hakikuhitaji adui wa kukisukuma. Mimi nakubaliana naye, lakini hata tukimpa mpinzani haki yake, hofu ya adui haielezi watu wanachagua nini kwa adui huyo. Waarusha wa Mlima Meru walikuwa wakulima wenye kupakana na Wamaasai, nao walichukua kwao mfumo wa marika na kuufanya nguzo ya maisha yao. Wairaqw nao walipakana na Wamaasai, na bado mamlaka yao yalibaki kwa wazee wa aya na kwa qwaslare. Ujirani ulikuwa uleule, uchaguzi ukatofautiana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Simulizi za asili za koo si kumbukumbu za mahakama. Ukoo unaweza kujitungia babu wa Ihanzu ili uogopwe. Inawezekana kabisa. Lakini uongo wa namna hiyo ungefanya kazi tu mahali ambapo watu wameshazoea kuamini kwamba nguvu hutoka nje, na hapo pingamizi linanirudishia nilichokuwa nikisema. Zaidi ya hapo kuna ushahidi usiotegemea kinywa cha mzee yeyote. Wanaisimu Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walieleza mwaka 2008 jinsi lugha za Bonde la Ufa la Tanzania, zisizo na mama mmoja, zilivyofanana katika sauti na hata katika miundo ya sentensi. Neno la biashara huokotwa gulioni kwa siku moja. Muundo wa sentensi hauokotwi hivyo. Unahitaji nyumba ambamo mama anasema lugha hii na bibi anasema ile, kizazi baada ya kizazi. Yaani unahitaji wageni waliokaa.

Kuna jambo moja ambalo mchezo wa Pokémon hulificha, na wanaoisifu Mbulu nao hulificha. Uwanjani, anayeigwa hapotezi kitu. Pigo lake anabaki nalo. Wadatoga walipoteza. Katika karne ya 20 Wairaqw walienea kutoka vilimani kwenda Karatu, Dongobesh, Babati na Hanang, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wadatoga. Mdatoga mmoja mmoja aliweza kupokelewa na kuwa mtu wa aya; Wadatoga kama jamii ya wafugaji walisogezwa. Serikali ilimalizia kazi hiyo kuanzia miaka ya 1970, pale mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa msaada wa Kanada, yalipotwaa kiasi cha ekari 100,000 za ardhi ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, huko Hanang, hata wakaenda mahakamani. Ukarimu kwa mtu mmoja na dhuluma kwa jamii yake huweza kukaa pamoja katika historia ya nchi moja. Sioni sababu ya kuficha la pili ili la kwanza ling'ae.

Tlawi ilipata misheni ya Mapadre Weupe tangu enzi ya Wajerumani, na misheni ikaleta kusoma na kuandika. Lakini mengi yaliyoandikwa tangu hapo yamewahusu Wairaqw peke yao, na Wadatoga peke yao, na Waihanzu peke yao, kila kabila na daftari lake. Walimu wa historia wa Mbulu, Hanang na Mkalama wanaweza kulirekebisha hilo bila bajeti kubwa. Uchukuliwe ukoo mmoja, tuseme Manda, wanafunzi waandike inavyosimuliwa safari yake Mbulu na inavyosimuliwa Ihanzu, kisha maandishi hayo mawili yawekwe pamoja katika maktaba za shule za pande zote mbili.