Mdai wa Mfalme

Tarehe 29 Mei 1453, siku ileile Waturuki walipoiteka Constantinople, hukumu ilisomwa katika ngome ya Lusignan, Ufaransa, kwa jina la Mfalme Charles wa Saba. Mshtakiwa, Jacques Cœur, alitakiwa alipe écu 400,000 za dhahabu: 100,000 za kurudisha alichoambiwa amedhulumu, na 300,000 za faini. Roho yake aliachiwa, ati kwa sababu Papa alimwombea na kwa sababu aliwahi kumtumikia mfalme vizuri.

Kumtumikia vizuri! Miaka minne tu nyuma, mfalme alipotaka kuwafukuza Waingereza kutoka Normandy na hazina ikawa tupu, ni Cœur aliyefungua mkoba. Mimi nimelelewa nyuma ya kaunta, na daftari la wakopaji wa baba ndilo lililonifundisha tabia za watu kabla ya kitabu chochote. Kesi hii naisoma kwa jicho la muuza duka.

Alizaliwa Bourges mwishoni mwa karne ya 14, mtoto wa mfanyabiashara wa manyoya. Hakuwa malaika. Mwaka 1429 yeye na wenzake walitozwa faini kwa kutengeneza sarafu zilizopunguzwa madini. Mwaka 1432 alikuwa Damascus, akichungulia masoko. Wakati wa kurudi, meli ilivunjika pwani ya Corsica na abiria wakaporwa. Mwingine angerudi kwenye manyoya ya baba. Yeye alirudi akiwa ameshaelewa jambo moja: fedha nyeupe ilikuwa na thamani kubwa zaidi kule mashariki kuliko kwao. Basi merikebu zake zikawa zinatoka pwani ya Montpellier na vitambaa, shaba na fedha, zinarudi kutoka Alexandria na hariri, pilipili na tangawizi. Viungo hivyo vilikuwa vimekwisha kuvuka Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu, zilezile zilizosukuma majahazi yetu, kabla ya kufika mikononi mwa Wamisri.

Kufikia mwaka 1439 alikuwa ameshika cheo cha argentier, yaani msimamizi wa bohari ya nyumba ya kifalme. Bohari ilikuwa Tours: mahameli, manyoya, vito, silaha za fahari. Mabwana wa barazani walikuja kuchagua, wakavaa, wakaondoka, na malipo yakaandikwa kwenye daftari. Waungwana wale walikuwa na mashamba na majina marefu, ila pesa taslimu hawakuwa nazo. Mwaka baada ya mwaka watu wenye panga walizidi kudaiwa na mtoto wa muuza manyoya, naye akazidi kununua mashamba na ngome zao. Halafu akajijengea kasri pale Bourges, kuta zimejaa nakshi za mioyo na makombe ya baharini, mchezo juu ya jina lake: cœur ni moyo kwa Kifaransa, na kombe ni alama ya Mtakatifu Yakobo, yaani Jacques. Hapo ndipo ningemshika mkono nimwambie: ndugu yangu, unayewadai watu wakubwa, usijenge barabarani.

Alikamatwa tarehe 31 Julai 1451. Shtaka la kwanza lilikuwa kwamba amemtilia sumu Agnès Sorel, kipenzi cha mfalme, aliyefariki Februari 1450. Aliyemshtaki, mama mmoja wa tabaka la juu, alibainika kuwa mwongo na akaadhibiwa. (Mwaka 2005 mabaki ya Agnès yalipopimwa yalikutwa na zebaki nyingi mno, lakini zebaki enzi hizo ilikuwa dawa pia.) Shtaka likaanguka, mshtakiwa hakuachiwa. Yakatafutwa mengine: kumpelekea Sultani wa Misri silaha, kusafirisha fedha nje, kuwakamua watu wa Languedoc.

Lipo shtaka jingine ambalo simtetei. Kijana Mkristo wa miaka 14 au 15, mtumwa, alitoroka kwa bwana wake pale Alexandria akajificha kwenye merikebu ya Cœur, akaletwa hadi Ufaransa. Cœur alimfokea nahodha, kisha akaamuru kijana arudishwe, maana aliogopa Wamisri wangelipiza kisasi kwenye mali yake. Alipima mtu mmoja na shehena, akachagua shehena. Hata hivyo, sidhani waamuzi wake walikosa usingizi kwa ajili ya kijana yule.

Kwani waamuzi walikuwa akina nani? Antoine de Chabannes alikaa kwenye tume ya kesi, kisha akajipatia Saint-Fargeau, iliyokuwa mali ya Cœur. Guillaume Gouffier naye alikuwa kwenye tume, naye akatoka na mashamba. Otto Castellani alimrithi cheo. Na mdaiwa mkubwa kuliko wote, mfalme, ndiye aliyepewa ile faini.

Cœur alitoroka gerezani Poitiers mwaka 1454, akafichwa na watawa kule Beaucaire, vijana wake wakamvusha mto Rhône usiku hadi akafika Roma. Alifia kisiwani Chios Novemba 1456, akiwa na manowari za Papa.

Jean-Christophe Rufin, mzaliwa wa Bourges, aliandika riwaya juu yake mwaka 2012, na Agnès amepewa nafasi kubwa humo. Riwaya ni tamu, isome. Lakini serikali ilimtuma mwanasheria Jean Dauvet kuorodhesha mali ya Cœur kitu kwa kitu, kazi iliyochukua miaka, na orodha hiyo ipo hadi leo; nami huamini daftari kuliko riwaya. Kwangu mimi, aliyemwangusha Jacques Cœur hakuwa mwanamke. Ni wadaiwa wake.