Siwa Mbili za Makumbusho ya Lamu

Mji wa Lamu una mengi ya kumshughulisha mgeni, lakini sisi tulipouzuru kwa nia ya kutazama sanaa ya taifa tulishika njia hadi kwenye jumba la makumbusho, lielekealo bahari. Jumba hilo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, na katika siku za ukoloni ndimo walimokaa maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1971 lilifunguliwa kuwa makumbusho. Hivyo basi, pale alipokaa mtawala mgeni akitoa amri ndipo yalipokuja kuwekwa yale ambayo yeye aliyahesabu kuwa vitu vya ajabu tu, vya kupambia ukuta.

Vimo humo viti vya enzi vya mpingo vilivyotiwa nakshi za pembe, na mifano ya vyombo vya baharini, ukiwemo mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja. Vyote vyastahili kutazamwa kwa utulivu. Hata hivyo, azma yetu hapa ni kuzungumza juu ya siwa, kwa kuwa hizo ndizo zinazotutatiza tunapotamka neno hili "taifa".

Siwa ni baragumu kubwa lipulizwalo ubavuni, si nchani. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, yapita mita mbili kwa urefu, na wataalamu waihesabu kuwa ni kazi ya karne ya 17. Vipande vyake vimeunganishwa kwa ustadi hata mtazamaji akadhani ni pembe moja ya ndovu asiyepata kuonekana duniani. Siwa ya Lamu ni ya shaba, na ilisubiwa kwa njia ya nta. Kwanza fundi huunda umbo kwa nta, pamoja na nakshi zake zote. Kisha hulifunika kwa udongo na kulitia moto, nta ikayeyuka na kutoka. Ndipo shaba iliyoyeyushwa humiminwa katika uwazi uliobaki. Kalibu huvunjwa ili kitu kitolewe, wala haitumiki tena. Kwa hiyo siwa iliyotoka kwa njia hiyo haina pacha. Wale wasemao kwamba Mwafrika wa pwani alikuwa mnunuzi tu wa kazi za wengine na waje wasimame mbele yake.

Asili ya siwa ya pembe imehifadhiwa katika masimulizi ya Pate. Yasemwa kwamba Mwana Darini, bibi wa nasaba kubwa, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando, akaomba siwa ya shaba, akanyimwa. Basi hakurudi kuomba mara ya pili. Alimwita fundi hodari, akamwagiza amchongee siwa nyingine kwa pembe za ndovu. Wako watakaosema hiki ni kisa cha wazee. Na kiwe kisa. Kisa nacho huwa na sababu ya kuhifadhiwa. Hiki chatuonyesha kwamba siwa haikuwa ngoma ya kuchezea. Ilipolia katika harusi au jando, mji mzima ulipata kujua kuwa nyumba ile ni ya waungwana. Kumnyima mtu siwa kulikuwa kumvua heshima hadharani, na Mwana Darini alilifahamu jambo hilo vizuri kabisa.

Hapa ndipo penye ugumu. Asiyekuwa muungwana hakupuliziwa siwa. Na katika Lamu ile ile watumwa walikuwa wengi: wao ndio waliolima mashamba ya bara yaliyowalisha waungwana mjini. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Je, twaweza kuiita sanaa ya taifa zima sauti ambayo wengi walikatazwa isilie kwa ajili yao?

Sisi twaona kwamba twaweza, ila kwa sharti. Pembe zile zilitoka kwa ndovu wa bara, wakawindwa na watu wa bara, zikapita mikono mingi kabla ya kumfikia mchongaji. Ukiitenga siwa na mikono hiyo na kuikabidhi kwa nasaba chache, utakuwa umerudia hukumu ile ile ya zamani. Lakini mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake pale asiishie kuwahesabia nakshi. Awaulize pia: siwa hii haikulia kwa ajili ya nani?

Kutoka hapo tulipita vichochoro hadi kwenye nyumba ya karne ya 18 iliyotengenezwa upya iwe makumbusho ya maisha ya nyumbani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye safu za vidaka vilivyopambwa. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hatukukaa sana.

Katika karakana za mji huo wachongaji wangali wakitengeneza milango, patasi ikifuata mstari uliochorwa kwa kalamu ya risasi. Milango mingine huagizwa kutoka mbali. Tulimwuliza fundi mmoja kama hujali aagizaye ni wa ukoo gani. Alitutazama kidogo, akasema yeye huuliza vipimo.