Jumba la Frimasoni la Philadelphia

Kwetu Frimasoni ikitajwa, maongezi hukimbilia utajiri wa ghafla na kafara za usiku. Jumba lao la Philadelphia, Marekani, halina habari ya kujificha: limesimama Mtaa wa Broad, likitazamana na makao makuu ya jiji, na mgeni akikata tiketi hutembezwa ndani.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 24 Juni 1868, sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ambayo wanachama huienzi. Aliyechora ramani ni James Windrim, kijana wa miaka 27 alipopewa kazi. Jumba lilizinduliwa Septemba 1873. Kwa nje ni mawe mazito na minara, na lango lake lina matao yaliyoingiliana, moja ndani ya jingine.

Uhondo hasa umo ndani. Kumbi za mikutano ni saba, na kila moja ina mtindo wake: Ukumbi wa Mashariki, kwa mfano, umeiga nakshi za Alhambra, kasri la wafalme Waislamu wa Granada. Lakini anayeingia Ukumbi wa Kimisri ndiye anayebaki mdomo wazi. Aliyeupamba ni msanii George Herzog, na humo zimesimama nguzo 12 nene, zenye vichwa vilivyoigwa kwenye mahekalu ya Luxor, Karnak na Philae. Maandishi ya Kimisri yaliyochorwa humo si urembo wa kubahatisha. Mjuzi wa hiroglifu anaweza kuyasoma.

Kwenye mikutano, mkuu wa loji, yaani tawi la wanachama, hukaa upande wa mashariki, linakochomoza jua. Na alama zinazotisha watu ni vifaa vya ujenzi tu: bikari, kipimo cha pembe mraba, timazi, pimamaji. Fundi mwashi yeyote wa Kariakoo anavijua. Timazi huwakumbusha wanachama unyofu, pimamaji usawa.

Usawa wenyewe ulikuwa na mipaka. Mwaka 1797 watu weusi wa Philadelphia waliomba kibali cha kuunda loji, wazungu wakawanyima. Wakamwandikia Prince Hall, kiongozi wa Frimasoni weusi kule Boston. Yeye akawapa, na Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa, akawa mkuu wao. Hivyo Ukumbi wa Kimisri ulipokamilika mwaka 1889, ukiwa umesheheni sanaa ya Afrika, Frimasoni wenye asili ya Afrika walikuwa wakikutana kwingine mjini humohumo, katika loji zao wenyewe.