Benki ya Nani? Babu Aliniuliza Nikakosa Jibu

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani, Mpui. Kwa wasiopajua, ni kijiji kilichopo njiani ukitoka Sumbawanga kuelekea Tunduma, juu Ufipa, kwenye baridi, mahindi na maharage. Nilimkuta babu anapanga makaratasi yake. Akaibua kitabu cha akiba cha NBC kilichochakaa pembe zote.

"Hii benki bado ipo?"

Ipo, babu.

"Siku hizi ni ya nani?"

Jamani, mwandishi wa habari mzima, na digrii yangu, nikashikwa na kigugumizi. Nikaahidi kumletea jibu. Kumbe ni hadithi ndefu!

Tuanzie 1925, London. Barclays iliunganisha benki tatu zilizokuwa zikifanya kazi ng'ambo: Colonial Bank, Anglo-Egyptian Bank na National Bank of South Africa. Ikazaliwa Barclays DCO, herufi zilizomaanisha benki ya dominioni, makoloni na ng'ambo. Hawakuficha kitu, ukoloni ulikuwa kwenye jina. Tanganyika ikawa na benki kubwa tatu za Waingereza: Barclays, Standard Bank, na National Bank of India ambayo baadaye iliitwa National and Grindlays.

Zilimhudumia nani? Si babu wa babu yangu. Kazi yao ilikuwa biashara ya kuagiza na kusafirisha nje, mashamba makubwa ya mkonge, na fedha za serikali. Tena kulikuwa na sheria ya kikoloni iliyosema asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, hawezi kumdai mahakamani. Eti ni kumlinda mwenyeji asiingie kwenye madeni. Matokeo yake, nani angethubutu kumkopesha?

Halafu ikaja Februari 1967. Tarehe 5 Azimio la Arusha likatangazwa, na kesho yake Mwalimu Nyerere akataifisha mabenki. Matawi ya Barclays na wenzake yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC, mwenyekiti na meneja mkuu wake akiwa Amon Nsekela. Wenye benki walilipwa fidia baada ya mazungumzo. NBC ikafungua matawi mikoani, na ndiyo maana mkulima wa Ufipa akapata kitabu cha akiba.

Hapa ndipo inaponiuma. Miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Rukwa tuko mbali na Dar es Salaam, lakini debe letu likalipwa sawa na la wa jirani na soko. Tukalima kwelikweli! Mnunuzi alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na fedha za kununulia lilikopa NBC. Kusomba mahindi kutoka huku kuligharimu mno, shirika likapata hasara, deni likabaki benki. Vyama vya ushirika navyo vikakopa bila kulipa. Benki ya umma haikuweza kusema hapana kwa serikali yake. Tume ya Nyirabu ilipochunguza mabenki mwishoni mwa miaka ya 1980, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa.

Mwaka 1991 sheria mpya ikaruhusu benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa. Mwalimu alipinga kuuzwa kwa NBC, akafariki Oktoba 1999. Mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikachukua asilimia 55, serikali ikabaki na 30, na IFC, tawi la Benki ya Dunia, 15. Mwaka huohuo Barclays yenyewe ikarudi nchini kwa jina lake.

Sasa sikiliza. Mwaka 2005 Barclays ikanunua zaidi ya nusu ya hisa za ABSA. Yaani waliotolewa mlangoni 1967 wakaingia dirishani na kuikuta nyumba yao ya zamani, imeongezwa vyumba kwa jasho la Watanzania!

Nao hawakukaa. Machi 2016 Barclays ilitangaza kupunguza hisa zake Afrika, kwa sababu za mahesabu ya London, si zetu. Mwaka 2020 Barclays Tanzania ikawa Absa Bank Tanzania. NBC ikabaki na jina lake, na asilimia 55 zikabaki kwa Absa.

Nilimpigia babu simu nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Kwa hiyo Mzungu alituona hatukopesheki, serikali ikakopa kwa jina letu, na deni likaiuza benki. Mimi mwenyewe sijawahi kukopa hata shilingi."

Nimeshaandika habari nyingi za mabenki kubadilisha wenyewe na mabango. Habari ya mkulima wa Mpui kupewa mkopo wa mbolea kwa masharti anayoyaweza bado sijaiandika. Siku nitakapoiandika, nitakuwa na jibu zuri zaidi kwa babu.