Leseni Isiyoungua

Katika jimbo la California, nchini Marekani, mtu atakaye kuuza vileo hulazimika kubandika tangazo mahali pa wazi katika nyumba anayokusudia kufanyia biashara hiyo, na tangazo hilo hukaa pale kwa muda wa siku 30. Kwa siku hizo jirani ye yote aweza kuandika barua ya kupinga ombi hilo, naye husikilizwa. Wapita njia wengi huliona tangazo wasilisome. Nasi katika Kenya tunayo kanuni iliyo jamaa na hiyo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wameizoea kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha aliyeipeleka Bungeni, ilikataza kuuza vileo mahali palipo karibu na shule kuliko meta 300, tena ikampa mwananchi nafasi ya kuleta pingamizi kabla leseni haijatolewa. Basi, msomaji, huenda siku moja nawe ukasimama mbele ya tangazo kama hilo. Kwa hiyo nataka nikusimulie habari za watu waliolisoma wakakataa, na mambo yaliyowapata wao na wale waliowapinga.

Watu hao walikaa katika mji wa Los Angeles, sehemu iliyoitwa South Central. Kwa miaka mingi Wamarekani weusi waliohamia mji ule kutoka majimbo ya kusini hawakuweza kununua nyumba mahali popote walipopenda, kwa maana hati za nyumba nyingi ziliandikwa kwamba zisiuzwe kwa mtu asiye mweupe. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima hati hizo nguvu ya sheria mwaka 1948, lakini desturi haifi siku moja na sheria. Watu weusi walizidi kusongamana katika mitaa yao. Mwezi wa Agosti, 1965, ghasia zilitokea katika mtaa wa Watts na watu 34 wakafa. Maduka mengi yaliteketea, na wenye maduka makubwa hawakuwa na hamu ya kurudi. Kisha viwanda navyo vikafungwa: kile cha matairi cha Firestone kilichokuwa South Gate kilifungwa mwaka 1980, na cha motokaa cha General Motors, papo hapo South Gate, mwaka 1982. Maelfu ya wanaume waliozoea kupokea mshahara wakabaki kusimama njiani.

Sasa fikiri wewe, duka kubwa la vyakula limeondoka, na kiwanda kimeondoka. Kitu gani husalia? Lilisalia duka dogo la pembeni, ambalo Wamarekani hupenda kuliita soko, ijapokuwa mtu wa Gikomba au Kongowea angelicheka jina hilo. Katika soko la namna hii mtu alipata mkate, maziwa, sigara na sabuni. Lakini faida ya mwenye duka ilitoka katika chupa zilizopangwa nyuma ya kioo kinene. Maduka hayo yalizidi kuongezeka, hata katika barabara nyingine yakawa yanatazamana. Jioni wanaume walisimama nje wakinywa chupa zilizofungwa katika mifuko ya karatasi. Watu waliouza kokeini walijua kwamba hapo ndipo penye wanunuzi. Na mtoto aliyetumwa kununua maziwa ilimpasa kupita katikati yao.

Hapa sharti nikueleze jambo la sheria, maana pasipo hilo hutaelewa yaliyofuata. Marekani ilikuwa imepiga marufuku vileo katika nchi nzima tangu mwaka 1920 hata mwaka 1933. Marufuku ilipoondolewa, kila jimbo lilipewa uwezo wa kuamua mambo ya pombe katika mipaka yake. California iliuweka uwezo huo mikononi mwa jimbo lenyewe, na tangu mwaka 1955 ikawa na idara yake maalum ya kutoa leseni. Maana yake ni kwamba mji wa Los Angeles, pamoja na ukubwa wake wote, haukuweza kumpa mtu leseni ya kuuza vileo wala kumnyang'anya. Mwenye leseni alikuwa na kitu chenye thamani, nacho kiliuzwa na kununuliwa kama shamba. Mji ulibaki na uwezo mmoja tu, yaani kanuni za matumizi ya ardhi: jengo gani lisimame wapi, na kwa masharti gani. Katika miaka ya 1980 mji ulianza kuzitumia kanuni hizo juu ya maduka mapya ya vileo. Maduka ya zamani hayakuguswa.

Mwaka 1990 wakazi kadha waliunda chama cha kupigana na uharibifu wa madawa ya kulevya na pombe, nacho kikajulikana kwa jina la Community Coalition. Kiongozi wao alikuwa Karen Bass, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi ya utabibu na ambaye aliyaona madhara ya kokeini kwa macho yake mwenyewe. Wengi wangalidhani kwamba chama hicho kingeanza na wauzaji wa kokeini. Lakini wanachama walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza watu ni kitu gani kinachowasumbua zaidi, na watu wakajibu: duka la vileo la pembeni. Jibu hilo lanipendeza kwa sababu halikutoka katika ofisi yo yote. Mtaalamu hutazama madawa ya kulevya akaona uhalifu; mama akaaye mtaani hutazama mahali uhalifu unapokutania jioni.

Lakini, msomaji, kila duka lina mwenyewe, na katika South Central wenye maduka wengi walikuwa Wakorea. Sheria mpya ya wahamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia watu wa Asia mlango wa Marekani, na Wakorea wengi wakaingia. Wako waliokuwa wasomi kwao, lakini vyeti vyao na Kiingereza chao havikuwapatia kazi. Wakakusanya fedha, wakakopeshana wao kwa wao, wakanunua maduka madogo ambayo wengine walikuwa wakiyakimbia. Mume na mke walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku wa manane, wakiogopa wanyang'anyi. Hawakulala katika mtaa ule, wala hawakujuana na watu wake. Wanunuzi nao waliona kwamba hawaheshimiwi, na kwamba fedha zao hutoka mtaani zisirudi.

Tarehe 16 Machi, 1991, msichana mwenye umri wa miaka 15, jina lake Latasha Harlins, aliingia katika duka moja liitwalo Empire Liquor Market akachukua chupa ya maji ya machungwa yenye bei ya dola moja na senti 79. Mwenye duka, mwanamke wa Kikorea, alidhani anaiba; wakapigana; na msichana alipogeuka kuondoka, mwanamke yule alimpiga risasi ya kisogoni. Polisi walikuta dola mbili mkononi mwa maiti. Mahakama ilimtia mwenye duka hatiani kwa kuua bila kukusudia tangu mwanzo, lakini hakimu hakumfunga hata siku moja. Alimpa muda wa kuchungwa mwenendo, kazi za kuhudumia watu, na faini ya dola 500. Hukumu hiyo iliwakaa watu rohoni. Siku 13 kabla ya kifo cha Latasha, polisi wa Los Angeles walikuwa wamempiga vibaya Rodney King, mtu mweusi, na picha za kipigo hicho zilionekana duniani kote.

Tarehe 29 Aprili, 1992, baraza la waamuzi liliwaachilia polisi wale, na mji ukawaka moto. Watu zaidi ya 50 walikufa, na mali iliyoharibika ilikadiriwa kuwa ya dola zaidi ya milioni elfu moja. Maduka ya Wakorea zaidi ya 2,000 yaliporwa au kuteketezwa. Maduka ya vileo kama 200 yalikuwa majivu.

Hapo ndipo kisa chetu hasa kinapoanza, kwa kuwa duka huungua lakini leseni haiungui. Leseni ya jimbo ilibaki halali ingawa jengo limekuwa kaa. Wenye maduka walikuwa wamepoteza kila kitu. Wengi waligundua kwamba bima waliyoilipia haikuwa na thamani. Kwao leseni ilikuwa kitu cha pekee kilichobaki cha kuanzia maisha tena, na serikali ilikuwa imeahidi kuujenga upya mji upesi. Upande wa pili wakazi walitazama kiwanja kitupu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi usiku ukawa kimya pale pembeni. Wakasema: jengeni, lakini msijenge lile tulilokuwa tukililalamikia kabla ya moto. Chama hakikuwasha moto wo wote, nacho kilikuwa kimeanza kazi yake miaka miwili kabla. Hata hivyo ni rahisi kuona jinsi maneno hayo yalivyosikika masikioni mwa mtu aliyesimama juu ya majivu ya duka lake.

Baraza la mji likaamua kwamba majengo mengine yapewe ruhusa ya haraka, lakini maduka ya vileo, pamoja na biashara chache nyingine, yapite kwanza katika baraza la kusikiliza hoja za wananchi. Kila duka likawa na siku yake. Wakazi walikusanya maelfu ya saini, wakafika barazani kwa mabasi, wazee kwa vijana, wakaeleza mmoja mmoja yale waliyoyaona mbele ya duka fulani katika barabara fulani. Kazi hiyo haina sifa za vita. Ni kungoja zamu, kusema kwa dakika chache, na kurudi tena juma lifuatalo kwa ajili ya duka jingine. Mwenye duka naye alisimama akaeleza, mara nyingine kwa kinywa cha mkalimani, kwamba hana deni na mtu na hajavunja sheria. Wengine walikubaliwa kujenga kwa masharti: waweke mlinzi, waweke taa za kutosha, wapunguze saa za kuuza, wafute maandishi ukutani. Masharti hayo yaligharimu fedha, na asiye na fedha hakuweza kuyatimiza. Kwa hesabu ya chama, maduka kama 150 hayakufunguliwa tena.

Wenye maduka walikwenda mahakamani. Walisema kwamba uwezo wa kutawala vileo ni wa jimbo peke yake, na mji umeuingilia kwa mlango wa nyuma. Ilikuwa hoja nzuri. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya California ilijibu kwamba mji haukusema nani auze pombe. Ulichokitawala ni kero zinazotoka katika matumizi ya kiwanja, kama vile makelele, takataka na mikusanyiko ya wahalifu, na kutawala kero ni kazi ya mji. Hivyo wakazi walishinda kwa kutumia uwezo ule mdogo ambao mji ulibakiwa nao.

Wataalamu walipozipima takwimu za polisi baadaye, waliona kwamba katika mitaa iliyopoteza maduka hayo mashambulio yalipungua, nayo yalianza kupungua karibu mwaka mmoja baada ya moto. Kwa maoni yangu wakazi walikuwa na haki. Lakini sipendi usome kisa hiki kama kwamba kilikuwa na mshindi mmoja. Walioumia ni wahamiaji waliokuwa na duka moja moja, huku makampuni makubwa yaliyotengeneza vileo na kuvitangaza katika mitaa ile hayakuitwa barazani hata mara moja. Mpango ulitungwa wa kuwasaidia wenye maduka wafungue biashara nyingine, hasa nyumba za kufulia nguo kwa mashine. Waliofanikiwa ni wachache, kwa kuwa mashine ni ghali na kiwanja cha duka mara nyingi ni kidogo. Wengine waliuza leseni zao wakahama. Na maduka makubwa ya vyakula, ambayo wakazi waliyataka zaidi kuliko kitu kingine, yalikuja polepole, na mahali pengine hayakuja kabisa.

Karen Bass aliingia katika Bunge la jimbo baada ya uchaguzi wa mwaka 2004, na mwaka 2022 alichaguliwa kuwa meya wa Los Angeles, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Lakini nadhani badiliko kubwa zaidi limo katika sheria iliyopitishwa na jimbo mwaka 1994 ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Zamani jirani ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba duka jipya litaleta madhara. Sheria hiyo yasema kwamba mahali ambapo leseni zimekwisha kuzidi kiasi, idara ya jimbo isitoe nyingine ya duka la vileo mpaka baraza la mji liseme kwamba duka hilo lahitajiwa na watu wa hapo. Tangazo bado hubandikwa kwa siku 30, na jirani bado huandika barua yake. Ila sasa katika mitaa ya namna hiyo mwombaji naye ana swali la kujibu.